Kupe wa Hayawahusu

"Mimi kinyaa sikuzaliwa nacho," Antonia alipenda kusema, mikono kiunoni. "Maiti nimeosha. Watoto wa watu nimewapokea na damu zao. Choo cha kigangoni kilipofurika, nani aliingia na ndoo? Mimi." Halafu, kabla msikilizaji hajamaliza kustaajabu, alishusha sauti akaongeza: "Isipokuwa kupe. Kupe siwezi. Na minyoo. Na uji uliogandia kwenye kijiko. Na Sada akicheka huku mdomo umejaa muhogo."

Asubuhi moja ya masika, kupe wakamfuata nyumbani kwake.

Mbwa wake alirudi alfajiri, mkia chini, akajilaza mlangoni akajikuna mpaka mlango ukawa unagongwa kama kuna mgeni. Antonia akatoka na kigoda. Akalishika sikio la mbwa, akalipindua nje ndani kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mfuko wa shati, na hapo akatamani angekuwa amezaliwa kipofu.

Walikuwa wamejaa. Walioshiba walikuwa wakubwa kama mbegu za nyonyo, wa kijivu, wanang'aa, miguu midogo inapunga hewani kwa uvivu wa watu waliokula pilau ya harusi. Katikati yao vitoto vyekundu vilikuwa vikitafuta pa kukaa. Na harufu! Sikio lilinuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa chini ya mtungi.

Antonia akaleta kopo lenye mafuta ya taa kidogo, akafumba jicho moja, akaanza kung'oa. Wa kwanza akatoka. Wa pili akatoka. Wa tatu akapasuka chini ya ukucha wake. Damu nzito, nyeusi, ya vuguvugu, ikateremka kidoleni mpaka kiganjani. Antonia akakitazama kiganja. Kisha chai ya asubuhi ikapanda juu, ikafuatwa na kiporo cha wali, vyote vikamwagika kwenye maua ya kizingitini.

Ng'ambo ya ua, kicheko kikalipuka. Alikuwa Sada, jirani yake wa miaka mingi, mjane kama yeye, na ulimi wake haukuwahi kupumzishwa hata siku ya msiba.

"Weee Antonia! Si wewe muosha maiti?"

"Maiti anatulia, Sada!" Antonia akajibu, akijifuta mdomo. "Maiti hanipungii miguu!"

Mbwa huyo aliitwa Hayawahusu. Antonia alimpata akiwa kitoto, mwaka alipofiwa na mumewe, wakati kila mpita njia alikuwa akimuuliza kwa nini haendi kukaa na wanawe Dar es Salaam, mwanamke peke yake shambani atafanya nini. Basi akampa mbwa jina, na kila jioni akimwita kwa sauti, kitongoji kizima kilipata jibu lake. Mbwa alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, tumbo halijui kushiba. Lakini usiku wa shamba alikuwa na thamani kuliko wanaume wawili. Nguruwe pori wa bonde la Mitole walimjua. Akibweka, walivuka mto na watoto wao.

Walimjua zamani. Mwaka huu mambo yaligeuka. Tangu mvua zianze, mbwa akishakula ugali wa jioni alipotea, akarudi asubuhi amechoka kama mtu aliyecheza ngoma, na kila aliporudi alileta zawadi mpya: kupe, viroboto, mabaka ya ngozi yaliyokatika manyoya. Huku nyuma, nguruwe walikuwa wakilima muhogo wa Antonia kwa pua. Tuta zima wanaligeuza, wanatafuna, wanaacha kinyesi juu kama risiti. Na muhogo huo ndio ulikuwa chakula chake mpaka mavuno ya mwakani. Hakuwa na kingine.

"Ugali unakula kwangu," alimwambia mbwa, "halafu muhogo wangu unawaachia nguruwe. Una faida gani wewe?"

"Ana nyumba ndogo," Sada akasema. "Mwanaume akianza kurudi asubuhi na kujikuna, usimuulize, tafuta jike."

Shamba moja tu bondeni halikuguswa: ufuta na mihogo ya Klementi, mwenyekiti wa kitongoji. Ufuta ulisimama umenyooka kama wanafunzi mstarini. Watu walipomuuliza siri, Klementi alikohoa kidogo, akaweka sawa kola ya shati. "Nalala shambani kwangu mwenyewe, juu kwenye dungu la kulindia, kila usiku. Nawatukana kwa Kimatumbi. Nguruwe wa huku hawasikii Kiswahili." Watu wakamsifu. Mkewe, Rosa, akamsifu kuliko wote, maana kabla ya hapo mume huyu alikuwa hawezi kuamka hata kufunga mlango wa banda la kuku.

Rosa ndiye aliyeleta balaa. Alikuwa mwanamke msafi kupita kiasi. Hata kuku wake walionekana kama waliofuliwa na kuanikwa. Alikuja kwa Antonia mchana, akakataa kiti, akasimama uani akikunja vidole vya miguu asiguse ardhi sana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Sikai. Bibi, nisamehe, lakini tazama." Akapandisha khanga mpaka kwenye goti. Miguu ilikuwa imejaa vipele vyekundu, vingine vimekunwa mpaka vikatoa maji ya njano yaliyogandamana kama utomvu wa fenesi. "Viroboto. Nyumbani kwangu! Mimi ninayedeki mara mbili! Usiku nawasikia wanaruka kwenye shuka, tik, tik, tik. Nimewaua kwa kucha mpaka ukucha umebadilika rangi. Wametoka wapi, kama si kwa hilo jibwa lako?"

"Rosa, mbwa wangu hajawahi kukanyaga kwako."

"Viroboto wanaruka, bibi."

"Toka hapa mpaka kwako? Wana mabawa?"

Rosa hakucheka. Jioni yake ukaitwa mkutano mdogo chini ya kibanda cha chama cha ushirika, na Klementi akasimama. Alizungumza akitazama viatu vyake. Alisema malalamiko ni mengi, watoto wanajikuna, kina mama wa nyumba hawalali. Jumamosi ya wiki ijayo bwana mifugo anakuja kuchanja kuku. Akimtazama mbwa huyu akasema atapona, vema. Akisema haponi, basi, kwa afya ya kitongoji, mbwa atauawa.

"Wewe mwenyewe umewahi kumwona karibu, mwenyekiti?" Antonia akauliza.

"Mimi?" Klementi akarudi nyuma nusu hatua, kama mbwa yuko mbele yake. "Mimi mbwa hata kivuli chake nakikwepa. Nikimnusa tu nashindwa kula."

Rosa akatikisa kichwa kwa fahari. Huyo ndiye mume wake.

Antonia hakungoja Jumamosi. Kesho yake alidandia bodaboda mpaka ofisi ya kata, kwa Eusebio, bwana mifugo, kijana mwembamba aliyekuwa akila embe huku akitazama picha ya jipu la ng'ombe kwenye simu yake, bila wasiwasi wowote. Antonia akageuza uso.

"Bibi, unamwosha?" Eusebio akauliza alipokwisha kusikia yote.

"Kila wiki. Kwa sabuni ya mche."

"Analala wapi?"

"Kwenye gunia lake, jikoni."

"Gunia umelifua lini?"

Antonia akaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

"Basi ni sawa na mtu kuoga akavaa tena suruali aliyojikojolea. Kiroboto kwa mbwa anakwenda kula tu, bibi. Mayai na watoto wako pale anapolala: kwenye gunia, kwenye vumbi, kwenye nyufa za sakafu. Chemsha gunia au lichome. Fagia, mwaga maji ya moto. Kisha dawa hii, changanya kama ilivyoandikwa, usizidishe ukadhani ukali ndio uponyaji. Usimwache akajilamba kabla hajakauka. Na nyuma yake, chini ya mkia, umeona kitu?"

Antonia alikuwa ameona. Alikuwa ameamua kwamba hakuona. "Vitu kama punje za mchele," akasema kwa taabu. "Zinatembea."

"Hivyo ni vipande vya tegu, yule mnyoo mrefu wa tumboni. Mbwa anamng'ata kiroboto, anammeza, na tegu yumo humo ndani. Nitakupa vidonge. Na hizo sehemu zilizonyonyoka ni upele wenye wadudu ndani ya ngozi. Huo nitakuja na sindano yake Jumamosi. Ila bibi, nakuomba: usimpake oili chafu ya gari, wala unga wa betri, wala kitu chochote ambacho usingempaka mtoto. Na asile matumbo mabichi. Anakulamba?"

"Nani? Hapana!" Antonia akasema, akiificha nyuma ya khanga ile mikono ambayo mbwa huilamba kila jioni baada ya ugali.

Alirudi na dawa, na kazi ikaanza. Sada alikuja kusaidia kwa masharti.

"Mbwa wa kulinda shamba dini haikumkataza," alisema, "lakini mate yake ni najisi, na huyu wako ana mate mpaka mkiani. Mimi nitashika kamba. Wewe shika mbwa."

Antonia alivaa mifuko ya nailoni mikononi, akaifunga kwa raba. Gunia alilichoma nyuma ya nyumba. Lilipoanza kuwaka, viroboto wakatoka kama ufuta unaoruka kikaangoni, na wote wawili wakakimbia wakipiga kelele, khanga juu, heshima chini. Jikoni alimwaga maji ya moto kwenye kila ufa. Akamnyoa mbwa kwa mkasi palipokuwa na mabaka, na manyoya yakaja na magamba, ngozi chini yake nene, ya waridi, imekunjamana kama kisigino cha mzee, inatoa usaha mahali mahali. Harufu yake ilikuwa ya samaki aliyelala juani. Alimwosha kwa dawa mpaka maji yakawa rangi ya kutu, na juu yake kupe wakaelea, wanazunguka polepole.

"Usitazame," akasema Sada.

"Sitazami."

"Mbona unahesabu?"

Vidonge alimfichia mbwa ndani ya tonge. Usiku ukapita. Asubuhi, kwenye majani ya uani, matokeo yalikuwa yamelala: minyoo mirefu myeupe, imesokotana, bado inajinyonganyonga kama inayotafuta njia ya kurudi. Sada alichungulia, akaziba mdomo kwa mtandio, akakaa chini.

"Tambi," akasema kwa huzuni. "Tambi za futari zilivyo, ndivyo hivyo. Antonia, umenikosesha tambi maisha yangu yote. Ramadhani ijayo nitafuturu nini mimi?"

"Futuru uji."

"Na punje za mchele umeshaniharibia juzi!"

Walizifukia zile taka ndani sana, wakamwaga jivu juu. Kwa siku chache mbwa alionekana kama aliyezaliwa upya. Alilala bila kujikuna. Macho yakang'aa. Antonia alimfunga kwa kamba ya mkonge, naye mbwa akabweka usiku, na muhogo ukasalimika. Antonia akaanza kuimba akipeta.

Kisha mbwa akakata kamba kwa meno, akapotea usiku mmoja, na asubuhi alipoingia uani akatapika miguuni pa Antonia. Yalikuwa matumbo ya mbuzi, mabichi, yasiyotafunwa, ya kijani na kijivu, bado na mavi ndani yake.

"Kuna mtu anamlisha," Antonia akasema, akipumua kwa mdomo.

"Nyumba ndogo imepika," akasema Sada. Lakini hakucheka sana, maana alikuwa ameona mgongo wa mbwa. "Hebu, Antonia. Hiyo nyeusi ni nini?"

Toka mabegani hadi kiunoni, palepale palipokuwa na mabaka, mbwa alikuwa amepakwa kitu cheusi, kizito, kinachonata. Chini yake ngozi ilikuwa imevimba malengelenge, mengine yamepasuka. Mbwa alikuwa akitetemeka. Antonia akainama akanusa, na pua ikamwambia mara moja. Hakuna mwanamke wa upande huu asiyeijua harufu hiyo. Kila aliyewahi kubangua korosho anaijua, na ana kovu lake.

"Mafuta ya maganda ya korosho!"

"Ya kupaka nguzo zisiliwe na mchwa?"

"Hayo hayo. Mtu amempaka mbwa wangu kama nguzo!"

Wakatazamana. Mafuta hayo yanamenya ngozi ya kidole cha mtu mzima. Juu ya kidonda ni moto wa ahera. Antonia alimwosha kwa maji mengi na sabuni, machozi yakimtoka, asijue ni ya huruma au ya hasira. Anayetaka mbwa auawe kabla ya Jumamosi ni nani? Akamfikiria Rosa. Akajilazimisha asimfikirie.

Na inzi hawakungoja apate jibu. Masika ndiyo sikukuu yao. Siku mbili tatu baadaye, kidonda kikubwa cha begani kilianza kunuka utamu mbaya, utamu wa nanasi lililooza. Antonia akaleta uso karibu. Kidonda kilikuwa kinapumua. Alidhani ni macho yake. Akatazama tena: ndani, mabuu meupe yalikuwa yamesimama wima, yamebanana, vichwa chini, mikia juu, yanapandana na kushuka kama uji unaochemka taratibu.

Safari hii hakuwa na kitu tumboni cha kutapika. Akatapika hivyo hivyo, hewa.

Akampigia Eusebio. "Maji ya chumvi ya vuguvugu," sauti ikasema kwenye simu. "Kisha kibano, mmoja mmoja, wote. Ukimwacha mmoja umewaacha wote. Halafu funika kidonda, inzi asitue tena."

"Mwanangu, mimi siwezi."

"Basi Jumamosi nitasema haponi, bibi, kwa sababu atakuwa ameliwa."

Antonia alikaa chini ya mfenesi na kibano cha nyusi alichokiazima kwa Sada. Sada alishika kamba, kisha akashika kichwa cha mbwa, mate na yote, akisema kwamba udongo wa kujitoharisha upo mwingi, Mitole nzima ni udongo. Antonia akavuta buu la kwanza. Lilitoka likijikunja, nene, limelowa, likaacha tundu lililojaa maji ya pinki. La pili lilikuwa ndani zaidi, ikabidi aminye pembeni, nalo likachomoza kichwa, likarudi, likachomoza. Kila lililodondoka kwenye kopo lilitoa kisauti kidogo, to. Mbwa alilia kama mtoto lakini hakumng'ata.

"Zungumza," Antonia akasema meno yamefungwa. "Zungumza chochote, Sada, nisisikie hiyo to."

"Nitazungumza nini? Kibano changu sikitaki tena."

Wakamaliza jua likiwa utosini. Antonia alinawa mikono mpaka ngozi ikakunjamana, akapaka dawa ya zambarau mgongo mzima wa mbwa, akamfunga kwa kipande cha shuka la marehemu mumewe. Hakula siku hiyo. Kila alipofumba macho aliona uji.

Jumamosi ikafika. Eusebio aliwachanja kuku, kisha akaja uani kwa Antonia na sanduku lake, na watu wakamfuata, maana kuku hawana hadithi. Rosa alikuja mbele, soksi zimevutwa mpaka magotini, zimefungwa kwa raba kuzuia viroboto. Klementi alikuja nyuma yake, mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika leso puani.

Mbwa alikuwa amelala kwenye mkeka mpya, wa zambarau kama padri wa Kwaresima. Antonia alimshika shingo. 

Eusebio akapiga magoti. Akatazama masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Akalibandua shuka, akanusa kidonda kama mpishi anayenusa mchuzi, na nusu ya watu wakageukia upande wa pili.

"Kidonda ni kisafi," akasema. "Huyu bibi amefanya kazi ya hospitali. Upele nauchoma sindano leo, na nyingine baadaye. Mbwa huyu anapona."

Antonia akamkuna mbwa kidevuni.

"Lakini," Eusebio akainua kidole, "hapa hakuna kupe. Gunia limechomwa, jikoni kumeoshwa. Kupe hawa wapya wachache niliowaona vidoleni hakuwatoa hapa. Mbwa huyu ana makao mengine. Kuna mahali analala ambapo hapajawahi kufagiwa, na kuna mtu anampa matumbo mabichi, na mtu huyo amempaka sumu. Nisipopatibu hapo, hata nimchome sindano za dunia nzima, viroboto watarudi. Kwake na kwenu. Ni wapi?"

Watu wakatazamana.

"Hatujui," Rosa akasema. "Na kama hapajulikani, basi viroboto wangu hawaishi. Mwenyekiti, ulisema nini kwenye mkutano? Haponi, anauawa."

"Bwana mifugo amesema anapona!" Antonia akafoka.

"Miguu yangu haiponi! Klementi, sema neno."

Watu wote wakamgeukia Klementi. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alimtazama mbwa, kisha akamtazama mkewe.

"Mimi," akasema kupitia leso, "nitasema nini? Mbwa huyu simjui. Tangu azaliwe sijamgusa. Hata jina lake silijui. Usiku mimi niko shambani kwangu, peke yangu, nafukuza nguruwe kwa mdomo wangu. Kama wengi wanasema auawe..." Akakaza leso puani. "...auawe."

Huenda mbwa aliisikia sauti. Huenda aliiona sindano ambayo Eusebio alikuwa ameanza kuijaza. Alijichomoa mikononi mwa Antonia, akaruka mkeka na zambarau yake yote, akawaendea watu moja kwa moja. Watu wakatawanyika. Rosa alijikwaa kwa soksi zake, akaanguka chali, na mbwa akamrukia juu, ulimi nje, akiwa njiani kwenda alikokuwa anakwenda.

"Sajini!" Klementi akanguruma. "Sajini, chini! Lala!"

Mbwa akalala. Palepale. Akakunja miguu, akaweka kidevu juu ya kiatu cha Klementi, akapiga mkia ardhini, pu, pu, pu, kama mtu aliyefika kwake.

Eusebio, ambaye hapotezi nafasi, akachuchumaa akamchoma sindano. Mbwa hakutikisika hata unywele.

Hapo Antonia akaelewa. Matuta yake yaliyogeuzwa. Ufuta uliosimama mstarini. Nguruwe wasiosikia Kiswahili. Mbwa wake, mlinzi wake, alikuwa akilinda shamba la mwenyekiti kwa mshahara wa matumbo, na yeye huku akila mizizi iliyobakizwa na nguruwe.

"Ndiyo nyumba ndogo," Sada akanong'ona kwa heshima kubwa.

Rosa alikuwa ameinuka. Hakujifuta vumbi, na hilo peke yake liliwatisha watu.

"Sajini ni nani, Klementi?"

"Hilo..." Klementi akacheka kidogo. "Hilo ni neno la kipolisi. Mbwa wote wanalijua. Ukimwambia mbwa yeyote."

"Dunguni unalala na nani?"

"Peke yangu, mama watoto! Haki ya Mungu!" Akainua mkono kuapa. Ulikuwa ni ule mkono uliokuwa mfukoni.

Kiganja kilikuwa kimemenyeka chote. Ngozi ya zamani ilikuwa nyeusi, imejikunja pembeni kama gamba la kitunguu, na chini yake nyama mbichi ya waridi iking'aa. Kila mwanamke pale uani alivuta hewa kwa wakati mmoja. Wanaume hawabangui korosho. Hawajui kwamba kinachoua mchwa si dawa ya kupe, wala kwamba mafuta yale yanapenya hata kwenye kitambaa.

Klementi naye akauona mkono wake, kama ndiyo mara ya kwanza. Akaushusha haraka.

"Niliungua," akasema. "Juzi, kule kule shambani. Niliungua na uji wa moto."

Rosa akausogelea ule mkono, akaunusa. Kisha akamtazama mumewe usoni.

"Uji huo," akauliza, taratibu kabisa, "alikupikia nani?"